Fundi wa Mtaa wa Aggrey aliyeirudisha Pixel 6 yangu bila kufuta picha

Simu yangu ni Pixel 6 niliyoinunua ikiwa imetumika, nikafungua butiloda (programu ndogo inayoiwasha simu, ambayo ikifungwa haikubali mfumo uliobadilishwa) na kuiruti, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wake, kwa programu iitwayo Magisk, mimi mwenyewe. Mwezi uliopita niliiwekea moduli (kiongezo cha Magisk) ya kubadilisha mwandiko wa herufi, na tangu ilipojizima ili iwake upya haikufika tena kwenye skrini ya kwanza: herufi G inatokea, inakaa kidogo, inazima, inarudi. Humo mlikuwa na picha za miaka miwili ambazo sikuwa nimezihifadhi kwingine.

Fundi wa kwanza niliyemwendea Kariakoo alitaka shilingi 15,000 aiflashi yote, yaani aifute na kuiwekea mfumo upya. Pengine ingewaka, kwa kuwa moduli hukaa upande wa data na data ikifutwa nayo hufutika, lakini picha zangu zingekwenda nayo. Nikavuka hadi kibanda kingine, Mtaa wa Aggrey.

Huyu, kabla ya kuchomeka waya, aliniuliza nilichoweka mara ya mwisho. Alianza kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti simu inapowaka, ili iingie katika hali salama ambamo Magisk huzima moduli zote; haikukubali. Ndipo akaingia kwenye rikava (menyu ya matengenezo ya simu), akanionyesha namba ya toleo la mfumo iliyoandikwa juu ya skrini, akapakua kutoka Google kifurushi cha toleo hilohilo, akachomoa humo faili moja tu, boot.img, ambalo ndilo la kuwashia mfumo, na kuliweka mahali pa lile lililobadilishwa na Magisk. Namba hiyo aliilinganisha mara mbili, tarakimu kwa tarakimu. Kifurushi kinazidi GB 2, hivyo tulingoja karibu saa nzima (bando lilikuwa langu), ilhali kazi yenyewe ilikwisha kwa sekunde chache. Simu ikawaka, ikaomba namba ya siri, na picha zote zilikuwapo.

Nilimwomba pia aifunge butiloda ili lile onyo la rangi ya chungwa, linalotokea simu inapowaka kwa kuwa butiloda iko wazi, liondoke, akakataa, akanieleza kwamba kuifunga kungefuta kila kitu tulichokwisha kuokoa. Akaniasa vilevile nisikimbilie kuruti tena, kwa sababu ile moduli bado imo ndani, imelala tu, na Magisk ikirudi itaamka nayo. Kwa maelezo hayo peke yake, shilingi 25,000 alizotoza sikuziona nyingi.

Hata hivyo, risiti hakunipa. Kubwa zaidi, alitaka niandike namba ya siri kwenye stika aibandike mgongoni mwa simu, kama zilivyobandikwa simu nyingine zilizopangwa mezani pake, kila mpita njia akizisoma. Nilikataa, nikaketi hapo hadi mwisho na kuiingiza kwa mkono wangu. Hakukasirika, ila aliniambia kwamba wateja wengi hawana muda wa kungoja.