Uzoefu wangu na hifadhi mbili za televisheni ya zamani: WSB ya Atlanta na AAPB

Ukitafuta picha za televisheni ya zamani ya Marekani kwa ajili ya makala, tasnifu au filamu fupi, wengi watakuelekeza American Archive of Public Broadcasting, kwa kifupi AAPB. Ni ubia wa Maktaba ya Bunge la Marekani na kituo cha GBH cha Boston, na ni ghala kubwa kweli la vipindi vya televisheni na redio za umma. Mimi huanzia kwingine: filamu za habari za WSB-TV ya Atlanta, zilizotunzwa Chuo Kikuu cha Georgia. Ni za kituo kimoja cha mji mmoja, lakini kila kipande kimeandikiwa maelezo na mtu aliyekaa akakitazama mpaka mwisho.

Kuna na suala la mahali ulipo. Video za AAPB mtandaoni hufunguka kwa aliye ndani ya Marekani tu, kwa sababu za hakimiliki. Ukiwa Nairobi au Dar utaona kichwa cha kipindi, tarehe na kituo, basi. Zile zisizowekwa mtandaoni kabisa zinataka ufike mwenyewe Washington au Boston. Kwa upande wa WSB, takriban saa 30 za habari za harakati za haki za raia, pamoja na za WALB ya mji wa Albany huko huko Georgia, ziliwekwa mwaka 2008 kwenye Civil Rights Digital Library, maktaba ya mtandaoni ya harakati hizo. Huhitaji akaunti wala kadi ya benki.

Chukua tukio moja: Januari 1961, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes wanaingia Chuo Kikuu cha Georgia, wanafunzi wa kwanza weusi kuandikishwa pale. Andika majina yao utapata klipu kadhaa. Kabla ya kubonyeza, soma maelezo. Utakuta namba ya klipu inayoanza na wsbn, namba ya rili (gurudumu la filamu), na dakika ambayo kipande kinaanza na kuisha ndani ya rili hiyo. Chini yake kuna masimulizi ya picha kwa picha: nani amesimama wapi, bango limeandikwa nini, nani anaongea, na sauti inakatika wapi. Kichwa chenyewe mara nyingi kimetungwa na mwandaa katalogi, si cha kituo, kwa hiyo usikinukuu kana kwamba ndivyo WSB walivyoiita habari ile.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa: wanafungua klipu, hawasikii kitu, wanadhani kompyuta yao mbovu. Si mbovu. Kinachotazamwa si taarifa ya habari iliyorushwa, ni malighafi yake. Wapiga picha walitumia filamu ya milimita 16, na kamera nyepesi kama Filmo ya Bell & Howell haikurekodi sauti. Ilibeba futi 100, yaani kama dakika 2 na sekunde 47 kwa mwendo wa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, na iliendeshwa kwa springi iliyofungwa kwa mkono. Mzunguko mmoja uliishia takriban nusu dakika. Ndiyo maana vipande ni vifupi namna ile. Maneno aliyasoma mtangazaji studioni, moja kwa moja, filamu ikipita, na maneno yake hayakurekodiwa. Ukitaka kujua watazamaji waliambiwa nini jioni ile, filamu haitakujibu. Tafuta magazeti ya siku hiyo.

Hata klipu yenye sauti ina mtego wake. Kwenye filamu yenye ukanda wa sumaku pembeni, sauti hukaa fremu 28 mbele ya picha yake, kwa sababu kichwa cha sauti, yaani kifaa kinachoisoma, kiko chini ya lango la picha, pale picha inapomulikwa. Mhariri akikata kwa mkasi pale picha inapoanza, zaidi kidogo ya sekunde moja ya sauti inabaki kwenye kipande cha nyuma. Matokeo yake ni midomo inayocheza bila neno, au sentensi inayoanzia katikati. Nikinukuu kutoka klipu kama hiyo, naanza na nukta tatu na kuendelea kutoka neno la kwanza linalosikika.

Tukirudi AAPB. Kwa aliye Marekani, nguvu yake ni kutafuta ndani ya maneno yaliyosemwa, maana vipindi vingi vina manukuu, yaani maneno ya kipindi yakiwa yameandikwa. Hunter huyo huyo, baadaye Charlayne Hunter-Gault, utamkuta humo akiwa mwandishi wa NewsHour, kipindi cha habari cha televisheni ya umma. Lakini manukuu mengi yametolewa na mashine, na mashine haijui majina yetu. Nyerere au Odinga wanaweza kutoka vyovyote vile, kwa hiyo tafuta kwa mahali na mwaka kwanza, jina la mtu baadaye. Tumia jina la wakati ule: Tanganyika kabla ya Aprili 1964, Zaire kati ya 1971 na 1997, Salisbury na siyo Harare. Angalia pia kichujio cha upatikanaji: utafutaji ukionyesha tu vilivyo mtandaoni, fungua upana uone vyote, utashangaa idadi inavyoruka. Kupakua hakuna. Nakili namba ya rekodi inayoanza na cpb-aacip. Kiungo kikibadilika, hiyo ndiyo itakayokurudisha.

Usitarajie wingi sawa kwa kila muongo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 vituo vilihama kutoka filamu kwenda kanda za video kama U-matic ya Sony. Filamu haifutiki, kanda inafutika, na ilikuwa ghali, kwa hiyo habari ya Jumanne ilirekodiwa juu ya ile ya Jumatatu. Mtafiti wa 1963 mara nyingi ana bahati kuliko wa 1979.

Ukitaka kuonyesha klipu hadharani, wasiliana na hifadhi ya Georgia ukiwa na namba ya wsbn na sekunde unazotaka hasa, mfano kutoka 1:12 hadi 1:40, siyo "kile kipande cha maandamano". AAPB wao hawauzi leseni. Ruhusa utaiomba kwa kituo kilichotengeneza kipindi, na jina lake limo kwenye rekodi.