Pleco na nahau ya 情有可原: maoni ya mkalimani wa Yiwu

Kazi yangu ni ukalimani hapa Yiwu, mji wa China wenye soko kubwa la bidhaa za jumla. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokuja kufunga mzigo. Kamusi ya Kichina ninayoitegemea ni Pleco, ya kwenye simu. Kuipakua ni bure, na inafanya kazi bila intaneti, jambo linaloniokoa ndani ya soko kubwa kama hili.

Chukua nahau ya 情有可原, qíng yǒu kě yuán. Iandike kwa pinyin tu, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, inakuja: jambo linalosameheka. Gusa herufi moja moja uone kilichomo: 情 ni hali ilivyokuwa, 原 hapa ni kusamehe. Yaani kosa lipo, ila mazingira yake yanamtetea mkosaji. Ipime na 无可厚非, inayosema jambo lenyewe halistahili lawama kubwa. Mezani kwa muuzaji tofauti hiyo ni kubwa mno. Mzigo ukikwama bandarini Ningbo kwa kimbunga, mteja akitamka 情有可原 anakubali udhuru bila kufuta ucheleweshaji, na muuzaji anasitirika. Katoni zikipungua bila maelezo, usithubutu kuitamka.

Maelezo ya Pleco ni ya Kiingereza, na kwenye kamusi za bure ni mafupi. Hayakuambii nani ana haki ya kuisema. Kwa kawaida ni aliyekosewa, au mtu wa kando anayepima shauri. Mkosaji akijisemea mwenyewe, anaonekana anajihurumia. Mimi kilichonifungua macho ni asili yake, iliyomo katika Hou Hanshu, historia ya utawala wa Han ya Baadaye wa China ya kale. Huo Xu, kijana wa miaka 15, mjomba wake Song Guang alishtakiwa kwamba amebadili maandishi ya amri ya mfalme, akatiwa gerezani Luoyang. Kijana akamwandikia Jenerali Liang Shang barua ya kumtetea, na humo ndimo yalimo maneno yaliyozaa nahau hii. Mjomba akasamehewa. Umri ule, na barua kwa mkubwa kiasi kile! Ukikijua kisa hicho, huwezi tena kuitupa nahau hii ovyo.

Kwa mgeni anayejifunza, Pleco ya bure inatosha kabisa. Kwa mkalimani nasema lipia kamusi za ziada zenye sentensi za mfano, kwa sababu nahau za herufi nne hazishikiki bila kuona zimekaa wapi kwenye sentensi.