Kliniki ya fizio Sinza: bega limetulia, ila mlango wao sasa

Aisee wadau wa basketi ya viti vya magurudumu, nimemaliza wiki ya 6 kwenye kliniki moja ya fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) huku Sinza, ngoja niwape. Bega la kulia lilikuwa linanitesa tangu mwaka jana, nikinyanyua mkono nishuti linachoma, usiku silalii upande ule, nimechua diklofenaki mpaka ghetto linanuka famasi na bado.

Siku ya kwanza nikajua ni yale yale, kitanda, taa ya joto, elfu 30 yangu imeenda. Yule dada wa fizio hata bega hajaligusa, kaanza na kiti changu cha magurudumu. Kaniambia weka mkono juu kabisa ya ringi ya kusukumia, ile ya pembeni mwa tairi, akatoa kirula chake cha plastiki akapima kiwiko, eti inatakiwa kati ya digrii 100 na 120, yangu ikasoma 138. Kumbe nimekaa juu mno, ringi naigusa kwa vidole tu, nasukuma vipande vifupi vifupi vingi, na bega halikuumbwa kubeba mwili, sisi ndo tumeligeuza goti. Fundi akapandisha ekseli ya matairi ili nikae chini zaidi, na kuisogeza mbele kidogo. Kiti kimekuwa chepesi balaa ila kinapenda kubinuka nyuma, mi niliangalia mawingu pale mteremko wa kituo cha mwendokasi Shekilango, abiria wakanidaka.

Mazoezi yenyewe ni mpira wa kuvutika tu, naufunga kwenye nondo ya dirisha, viwiko ubavuni, navuta mpaka mabega yakaribiane mgongoni. Anasema kutwa tunasukuma mbele, kifua kinakaza, misuli ya nyuma imelala, kano za bega zinabanwa na mfupa. Na nikihama kitandani nibadili mkono wa kutangulia, miaka 9 sijawahi kuwaza hilo.

Sasa lawama. Mnatibu watu wa viti halafu mlangoni ngazi mbili?? Mlinzi ananinyanyua kwa kunishika kwapa, bega lile lile linaloumwa! Nimelalamika mara 3, naambiwa mbao ya kuwekea kwenye ngazi kiti kipite inakuja. Halafu umepangiwa saa 4, unaingia saa 6 kasoro.

Ila kiukweli nashuti bila kukunja sura, nikizidisha tu ndo linakumbushia. Nyota 4. Ukienda beba mtu wa kushika kiti, Jumanne asubuhi foleni fupi.