Uzoefu wangu: coreboot kwenye Chromebook ya mtumba

Ukipita kwenye maduka ya kompyuta used Kariakoo, utakuta Chromebook, zile laptop zinazotumia mfumo wa ChromeOS wa Google, zimewekwa pembeni na bei yake inavutia. Muuzaji hakuambii kwa nini. Kila modeli ya Chromebook hupangiwa tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na ikishapita, mashine inaendelea kuwaka lakini kivinjari kinabaki kile kile cha zamani, na tovuti moja baada ya nyingine zinaanza kugoma kufunguka. Yangu ni Acer C720, toleo la mwaka 2013, yenye kichakataji cha Celeron 2955U na RAM ya GB 2. Masasisho yake yalikoma 2019. Kioo kizima, betri inakaa, kibodi haina shida. Kilichokwisha ni kalenda tu.

Nikaamua kuiwekea coreboot ile anayoitengeneza na kuigawa bure msanidi anayejulikana kwa jina la MrChromebox.

Kwa asiyeijua: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kabla ya Windows au Linux kuna programu ndogo inayoamka kwanza, inaandaa kichakataji na RAM, kisha inaukabidhi mfumo endeshi kazi. Kwenye kompyuta nyingi programu hiyo ni siri ya mtengenezaji. coreboot ni ya chanzo huria. Ilianza 1999 kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, chini ya Ron Minnich, wakati huo ikiitwa LinuxBIOS. Jina la sasa lilikuja 2008. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Chromebook hii ilitoka kiwandani ikiwa na coreboot tayari, maana Google wenyewe wanaitumia. Tatizo ni kipande kinachokaa juu yake, ambacho kimefundishwa kuitambua ChromeOS peke yake. MrChromebox anakitoa na kuweka cha UEFI, yaani mfumo wa kuwashia unaotumika kwenye laptop za kawaida, na hapo mashine inakubali mfumo wowote kama laptop nyingine.

Kuna watu wanaishia nusu njia: wanawasha hali ya wasanidi, ambayo inalegeza ulinzi wa Chromebook, wanaweka Linux, wanaiacha programu ya kiwandani ilivyo. Mimi sishauri. Kila ukiwasha unakutana na onyo jeupe kwenye kioo na mlio wa kero, na onyo lenyewe linakualika ubonyeze kitufe cha nafasi kurudisha ulinzi. Mtoto akibonyeza hicho, kisha Enter, umepoteza kila kitu. Kwenye nyumba yenye watoto hiyo siyo kompyuta, ni mtego.

Kazi yenyewe inahitaji bisibisi. Kwenye bodi ya C720 kuna skrubu ambayo haikuwekwa kushikilia kitu. Inaunganisha saketi, na ikiwepo, chipu yenye programu ya kuwashia haiandikiki. Unafungua mfuniko wa chini, unaitoa, unafunga. Nimependa sana ubunifu huo: ulinzi ambao hauvunjwi na mtu aliye mbali, mpaka uwe na mashine mkononi. Baada ya hapo unaendesha skripti moja ya MrChromebox kwenye dirisha la amri, unachagua programu kamili ya UEFI, na yenyewe inakuuliza kama unataka nakala ya programu ya zamani kwenye flashi. Kubali. Kuandika chipu ni suala la dakika chache, na kwa sababu laptop ina betri, hata umeme ukikatika katikati huna presha. Hakikisha tu imejaa chaji.

Ukiwasha tena anatokea sungura, nembo ya coreboot, na onyo limekwenda zake. Unabonyeza Esc, unachagua flashi yenye Debian, aina mojawapo ya Linux, unasakinisha kama kawaida. Nimeweka Xfce, mwonekano mwepesi wa Linux, kwa sababu ya RAM ndogo. WiFi ilishika bila kuhangaika, na mfuniko ukifungwa inalala na kuamka vizuri. Kwa kuandika, barua pepe na video za YouTube inanitosha. Ukifungua kurasa nyingi kwa mpigo inapumua kwa shida, na RAM imelehemewa kwenye bodi kwa hiyo hapo hakuna dawa. SSD inabadilishika, ila nunua ile fupi ya M.2 ya milimita 42. Ya kawaida ya 80 haiingii.

Malalamiko ninayo. Kibodi haina Delete wala Caps Lock, na Linux haikusaidii mpaka ukae na mipangilio ya vitufe. ChromeOS nayo huirudishi bila kwanza kurudisha programu ya zamani. Na anayesema coreboot ni huria asilimia mia kwenye mashine hii anakudanganya: kizazi hiki cha Intel, Haswell, kwa miaka mingi kimetegemea faili iliyofungwa ya kuandaa RAM, na ile Management Engine ya Intel, programu nyingine iliyofungwa inayojiendesha yenyewe ndani ya mashine, bado imo. Mimi sikuifuata kwa ajili ya itikadi, nilitaka laptop inayopokea masasisho. Mwenye msimamo mkali atafute mashine nyingine.

Kabla hujatoa hela dukani, angalia modeli yako kwenye orodha ya MrChromebox. Si zote zina skrubu; nyingi mpya zinataka uchomoe betri au uwe na kebo maalumu ya USB-C, na chache hazisaidiki kabisa. Na ile nakala ya programu ya zamani usiiache kwenye flashi peke yake. Ni faili ya MB 8, inaingia hata kwenye barua pepe. Chipu ikiharibika, fundi mwenye CH341A, kifaa cha kuandikia chipu, na kibanio chake ataiandika upya, na kitu cha kwanza atakachokuomba ni hiyo faili.