aws logs tail: kufuatilia kumbukumbu za CloudWatch kutoka kwenye terminali

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia amri ya aws logs tail, iliyomo katika toleo la 2 la AWS CLI (zana ya kuendesha huduma za wingu za Amazon, yaani AWS, kwa kuandika amri), kufuatilia kumbukumbu za mifumo (logs) zinazohifadhiwa CloudWatch, huduma ya AWS ya ufuatiliaji, na ninaiona kuwa zana ambayo kila mtunza mifumo anapaswa kuizoea.

Ubora wake mkubwa huonekana kwa anayetumia Lambda, huduma ya AWS ya kuendesha programu bila kusimamia seva mwenyewe. Huduma hiyo hufungua mkondo mpya wa kumbukumbu kila inapoanzisha mazingira mapya ya kuendeshea programu, kwa hiyo anayechungulia mkondo mmoja mmoja hajui kosa limeangukia upi. Amri hii huhitaji tu jina la kundi la kumbukumbu (log group) linalobeba mikondo hiyo. Husoma mikondo yote iliyomo na, ukiiongezea --follow, huendelea kuleta mistari mipya yenyewe. Usiku mmoja, baada ya kupandisha toleo jipya la mfumo wa malipo, niliona hitilafu ileile ya kuunganishwa na hifadhidata ikijitokeza katika mikondo mitatu kwa mpigo, tukarudisha toleo la zamani kabla wateja wengi hawajaathirika.

Chujio la --filter-pattern hufanya kazi upande wa seva, hivyo mistari usiyoihitaji haisafiri hadi kwenye kompyuta yako, na kwa anayetumia bando la simu huo ni unafuu wa kweli. Zingatia tu kwamba linatofautisha herufi kubwa na ndogo: ukitafuta ERROR, mstari wenye Error hautaletwa.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni saa. Muda huandikwa kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa kuanzia alfajiri, tukio la saa tatu asubuhi husomeka 06:00. Ndiyo maana napendelea kuandika --since 2h, yaani kuanzia saa mbili zilizopita, kuliko kutaja saa kamili. Usipoandika chochote, amri hurudi nyuma dakika 10 pekee.

Ufuatiliaji wenyewe huchelewa kidogo, kwa sababu amri huiuliza seva kisha husubiri sekunde 5 kabla ya kuuliza tena. Asiyeweza kusubiri atumie start-live-tail, amri nyingine ya AWS CLI inayoleta mistari papo hapo, ambayo dakika zake 1,800 za kwanza kila mwezi hazilipiwi. Mimi huihifadhi kwa ajili ya dharura; katika upandishaji wa kawaida, sekunde hizo 5 hazijawahi kunikwamisha.