Kalenda ya kuchana, mwaka mzima mezani kwa fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mwaka jana nilinunua kwenye duka la vifaa vya shule kalenda ya mezani, ile ya kuchana, kila siku na karatasi yake, na kila karatasi ina jambo moja: mnyama, historia, sayansi, au sikukuu ya watu wa mbali. Sh 12,000. Nilitaka mteja anayesubiri suruali ipigwe pindo awe na cha kusoma, asikae kunihesabia dakika.

Kwa kazi hiyo imenifaa kuliko redio. Ilipokuja siku ya pweza (ana mioyo mitatu, miwili ya matamvua na mmoja wa mwili mzima, na damu yake ni ya buluu kwa ajili ya shaba iliyomo), muuza supu jirani aliiomba akaibandika mezani kwake.

Iliyozua ubishi mkubwa ni ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Magamba, hapo juu Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Yeye akayaingiza maziwa kwenye friza yangali moto, na yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu hakumwamini. Mwaka 1969 makala yake na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, ilichapishwa, na wanasayansi wanabishana mpaka leo. Nasi tukajaribu, vikombe viwili vya maji, friji ya nyumbani. Ya baridi yakatangulia kuganda. Binti yangu akasema friji yetu ndiyo mbovu. Mteja mmoja akashikilia kwamba Mpemba alitumia maziwa, si maji. Nguo zake zilikuwa tayari tangu asubuhi, lakini hakuondoka.

Sasa kasoro. Aliyetafsiri alikuwa na haraka. Desemba 26 imeandikwa "Siku ya Ndondi", kumbe Boxing Day ya Waingereza ni habari ya maboksi ya zawadi za watumishi, hapigwi mtu. Karatasi nyingine inasema Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini. Hauonekani. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani, mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona, naye alikuwa karibu mno kuliko mwezini. Idd wameikosea kwa siku moja, hilo nimewasamehe. Mwezi hauchapwi kiwandani. Gundi nayo iliachia mwezi wa nane, nikaishona kalenda kwa uzi wa jinzi.

Kilichoniuma ni Tanga yetu. Novemba 4 tulisubiri nyuki: mwaka 1914, siku kama hiyo, Waingereza na askari wao wa Kihindi, kama 8,000, walipigwa hapa mjini na jeshi la Wajerumani lisilozidi watu elfu moja na kitu, na nyuki waliochokozwa na risasi wakauma kila aliyekuwepo. Karatasi ikatuletea kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa Novemba 4, 1922. Jambo kubwa, sikatai. Lakini nyuki!

Desemba 22 ikaja silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hadithi ikaishia huko huko. Hawakutaja wale walionaswa na majarife ya wavuvi wa Kigombe kuanzia 2004, wala hifadhi ya bahari iliyotengwa hapa Tanga mwaka 2009 kwa ajili yake. Siku hiyo alikuwepo dukani mzee mmoja mvuvi, amekuja kuchukua kanzu. Akasoma, akaguna, akaniomba biro.

Mwaka huu nimenunua tena, duka lile lile, sasa Sh 14,000. Ile karatasi ya silikanti sikuitupa. Iko ukutani juu ya cherehani, na chini yake kwa mwandiko wa mzee: "Na Kigombe pia. Nyama yake mafuta matupu, hailiki."