Programu za kuchora modeli ya vipengele kutoka kwenye mahitaji: kabla hujalipa, ijaribu kwa neno "au"

Nianze na hela yangu iliyopotea. Mwaka jana nililipia leseni ya mwaka mzima ya programu moja, jina naliacha, walisema unaipa maandishi ya mahitaji ya wateja na yenyewe inakuchorea modeli ya vipengele, yani mchoro wa mambo ambayo mfumo unaweza kuwa nayo, kipi cha lazima, kipi cha hiari, kipi hakikai na kipi. Sisi hapa Ngamiani, Tanga, tunauza mfumo uleule wa duka kwa agroveti, vipuri, duka la dawa, kila mmoja na mambo yake, na kuchora kwa mkono kulishanichosha. Vipengele 33 tu vya hiari vinazaa michanganyiko zaidi ya bilioni 8, nani atavishika kichwani?

Sasa sikilizeni. Mteja wa agroveti, Barabara ya 8, sharti lake namba 14 lilisema "risiti itoke kwa printa au kwa SMS". Programu ikaweka chagua kimoja tu, na mi nikaiamini, tukamfungia mfumo wenye printa. Saa tatu asubuhi simu: "Dada, mfugaji wa Pongwe katuma boda achukue dawa ya kupe, anataka risiti kwenye simu, mbona SMS haipo?" Alivyosema "au" alitaka vyote viwepo, muuzaji achague palepale. Ndo tunavyoongea, mama ntilie akikuuliza wali au ugali si ana masufuria yote mawili jikoni!

Na tofauti hii si ndogo. FODA, mbinu ya mwaka 1990 ilipoanzia michoro hii, ilikuwa na lazima, hiari na chagua-kimoja, kundi la "angalau kimoja" likaja baadaye. Kwa hiyo mi siangalii tena kasi wala uzuri wa mchoro, naangalia ikikuta "au" inaniuliza au inajiamulia, na je inanionyesha sentensi iliyotoa kile kipengele. Hii ya pili watu wanaisahau kabisa, halafu mteja akibadilisha sharti hujui uguse wapi.

Ya kwanza kwangu FeatureIDE, naipenda na sifichi. Ni ya bure, inakaa ndani ya Eclipse, programu ya kuandikia kodi, imekuzwa Chuo Kikuu cha Magdeburg, Ujerumani. Yenyewe haisomi mahitaji, hiyo kazi naipa AI, naiambia iniandikie kwa UVL, lugha ya kuandika modeli hizi kwa maandishi, kila kipengele na namba ya sharti lake, na kila "au" iniwekee pembeni niamue mwenyewe baada ya kumpigia mteja. Nikiifungua kwenye FeatureIDE inanionyesha vipengele vilivyokufa, yani vile ambavyo masharti yamevibana havichaguliki hata ufanyeje, na vile vinavyojiita hiari kumbe ni lazima. Namba ya sharti naiweka kwenye maelezo ya kipengele. Dakika tano nyingi, lakini zimeniokoa mara nyingi sana.

Ya pili pure::variants, nayo ilizaliwa Magdeburg, tangu 2023 iko chini ya kampuni ya PTC. Kama mahitaji yenu yako kwenye DOORS, programu ya kutunzia mahitaji, inaunganika nayo moja kwa moja, hapo ina maana. Ya tatu Gears ya BigLever, ya makampuni makubwa, ofisi ya watu wanne ipite tu. Excel sawa kwa vipengele kumi, ila haikagui kitu.

Kinachoniuma ni wauzaji. Bei haiandikwi, wanakuambia wasiliana nasi, ukiwasiliana ni dola na kwa kadi, na demo ni sentensi zao fupi za Kiingereza walizozipanga wenyewe. Yule aliyeniuzia nilimtumia sharti namba 14 aone kosa, akanijibu niliandike upya kwa Kiingereza ndo itasoma vizuri. Mwenye duka wa Barabara ya 8 kaandika kwa Kiswahili, kwenye daftari la kaunta, na mwezi ujao ataniongezea mengine mawili palepale chini yake.